Msimamizi wa Tangi la Kuogelea

Kila Alhamisi alasiri alitupa mgongo. Alichukua kiti chake cha ngozi, akakiweka nje ya ua wa miti ya mkonge, akaketi akitazama upande wa stesheni, nasi wanawake tukaingia ndani na kufunga lango. Kisha akaanza kutufundisha kuogelea. Hakugeuka hata mara moja katika miaka yote niliyomjua. Alitusikiliza tu.

"Huyo anayepiga maji kama anatwanga mahindi ni nani?" aliuliza siku yangu ya kwanza.

Wenzangu wakacheka. "Ni Mama Mghoi," akajibu Wakesho, jirani yangu.

"Mama Mghoi, legeza mikono. Hayo maji hayajakukosea. Toa pumzi kwanza, halafu ndiyo uvute nyingine."

Nikatoa pumzi, nikanywa maji, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Kule nje akangoja nimalize kukohoa. "Tena," akasema.

Kila mtu mjini Voi alimwita Msimamizi, kwa kuwa hilo ndilo jina la kazi ambayo baraza la wilaya lilimpa, na mimi sikuwahi kujua jina lake jingine. Wala sikujua alizaliwa kijiji gani huko milima ya Taita, ingawa Kiswahili chake kilionyesha kwamba alikuwa Mdawida kama mimi niliyetoka Chawia. Nilijua tu kwamba alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, na kwamba huko ng'ambo ndiko alikojifunza kuogelea. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza. Alipenda chai ya rangi isiyo na sukari. Hakuwa na mke.

Lile tangi lilikuwa la reli. Zamani lilihifadhi maji ya injini za moshi, kisha reli ikajenga jingine kubwa la chuma, hili la simiti likabaki limechimbiwa ardhini kama shimo, mbuzi wakilala ndani. Msimamizi ndiye aliyeliona. Alihudhuria kila mkutano wa baraza, akisimama pale wananchi waliporuhusiwa kusema, na kila mara alisema jambo lile lile: mto unachukua watoto wetu kila mvua, tangi liko, tupeni simiti na dawa ya maji. Madiwani walimchoka. Mwishowe mwenyekiti wa kamati, ambaye mtoto wa ndugu yake alichukuliwa na mto mwaka huo, akapiga meza na kusema apewe. Basi baraza likatoa simiti ya kuziba nyufa, dawa ya unga ya kuua wadudu, miti ya ua na mshahara wa msimamizi mmoja. Reli ikakubali kuliachia maji ya bomba siku ambazo injini hazikuwa nyingi. Sisi watu wa mji tulichimba mtaro wa kumwagia maji machafu, wanaume Jumamosi, wanawake Jumapili baada ya kanisa.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari. Watu wa bara walitembea na vipande vyao vya kitambulisho mfukoni na kusimamishwa kila kona, na serikali haikupenda kuona watu wamekusanyika. Bwana DC alitoa ruhusa kwa sharti kwamba saa kumi na moja jioni tangi lifungwe na pasiwe na mtu. Msimamizi alilifuata sharti hilo kama dini. Nilimwona akimtoa majini karani wa baraza lenyewe, mtu mwenye tumbo na heshima zake, kwa sababu saa ilikuwa imefika.

"Lakini mimi ni wa baraza," karani akasema, maji yakimtiririka.

"Ndiyo maana," akajibu Msimamizi, akamshikia taulo.

Sheria zake zilikuwa nyingi. Osha miguu kabla ya kuingia. Usiingie ukiwa umeshiba. Usiingie na sabuni. Leso alizikataa kabisa, akisema zinafunga miguu kama kamba, na Wakesho, aliyekuwa na cherehani, akatushonea sote magauni mafupi ya kitambaa cha marekani. Tulicheka sana siku ya kwanza tulipoonana na magauni yale. Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, mama wa Kiislamu kutoka pwani, alijishonea la kwake lenye mikono mirefu na suruali chini yake. Msimamizi alipoambiwa akasema vizuri, ilimradi halifiki kwenye nyayo.

Hofu zake nazo zilikuwa za ajabu. Ukame ulipoanza kukaza, ndovu walikuwa wakija kutafuta maji mjini, na alfajiri moja mmoja alivunja ua na kuanza kunywa tangini. Mume wangu, aliyekuwa mchochea makaa wa reli, alikuwa akitoka kazini. Alimwona Msimamizi amesimama karibu na mnyama yule, kifua wazi, akipiga debe tupu kwa nyundo na kumkemea kwa Kidawida kama anamkemea mbuzi aliyeingia shambani. Ndovu alimtazama, akanywa kidogo tena, akaondoka. Lakini chura akiingia tangini, mtu yule yule hakukaribia. Alisimama mbali, ametoa jasho, akaita, "Bi Zuhura, nisaidie, mama." Naye Bi Zuhura akaenda na ungo, akamtoa chura na kumtupa nje ya ua. "Haya, baba, keshakwenda," akamwambia, kama unavyombembeleza mtoto.

Bi Zuhura ndiye aliyenieleza juu ya dada wa Msimamizi.

Mimi nilikuwa nikinunua mboga sokoni kwa mama mmoja mnene, mpole, aliyekuwa na kovu kwenye kidevu. Siku moja tulikuwa pamoja, Bi Zuhura na mimi, na Msimamizi akapita. Yule mama wa mboga akashusha macho, akajipangia sukuma wiki zake upya mpaka Msimamizi alipopotea.

"Humjui?" Bi Zuhura aliniuliza tulipoondoka. "Huyo ni dada yake, tumbo moja."

Akanieleza. Kabla ya mimi kuletwa Voi na mume wangu, mto ulishuka siku ya jua kali, bila hata wingu mjini, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani. Watoto wawili walikuwa wanavuka wakitoka shuleni. Mmoja alikuwa mwana wa bawabu wa duka la Wahindi. Wa pili alikuwa binti wa huyu mama wa mboga, mtoto wake wa pekee. Maji yaliwatenganisha: kijana akakwama kwenye jiwe karibu na ukingo, msichana akashika mzizi mbali zaidi. Msimamizi alikuwa pale. Aliruka. Alimfikia aliyekuwa karibu, akamleta ukingoni, akarudi. Mzizi ulikuwepo, mtoto hakuwepo.

"Na mama yake amesimama hapo hapo anatazama," alisema Bi Zuhura. "Anamwona ndugu yake anamwacha mwanawe, anamshika mtoto wa mtu. Alikuwa hana njia nyingine, mwanangu, yule ndiye aliyekuwa karibu. Kila mtu alimwambia hivyo. Lakini tangu siku ile hajala nyumbani kwa ndugu yake, wala hajamjibu salamu."

Baada ya kusikia hayo nikaelewa kwa nini alikuwa mkali vile. Hakuwa mkali wa kutukana. Alikuwa mkali wa kurudia. Mtu alipofaulu kuvuka tangi mara moja alimwambia avuke tena, na alipovuka tena alimwambia avuke akiwa amechoka. Wakesho ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote. Alikuwa mwembamba, mwenye mabega mapana, na majini alikuwa hana kelele. Msimamizi, akiwa amekaa huko nje na mgongo wake, aliuliza, "Wakesho yumo?" kwa sababu hakumsikia.

"Nimo," Wakesho alijibu kutoka upande wa pili.

"Vizuri," akasema. Sikumsikia akimsifu mtu mwingine yeyote.

Kisha mvua zikakosekana. Za vuli hazikuja, tukasema za masika zitakuja, nazo zikapita juu yetu kama zinakwenda kwa watu wengine. Ng'ombe walikufa huko Ndara, upepo ukatuletea harufu yao mpaka mjini. Reli ikapunguza maji ya mabomba ya landhi zetu, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa injini zilikuwa hazina budi kunywa kwanza, na mfereji wa umma ukawa unafunguliwa asubuhi kidogo, kisha unafungwa. Tulipanga madebe foleni tangu giza halijatoka. Tulipigana. Mimi, ambaye nilikuwa sijapigana tangu utotoni, nilimvuta mwanamke mwenzangu kilemba kwa ajili ya debe nusu la maji ya rangi ya chai.

Na wakati huo wote, kule nyuma ya ua wa mkonge, tangi lilikuwa limejaa.

Msimamizi alikuwa amelifunga. Hakuna aliyeogelea, si watoto wala sisi. Alikuwa akizunguka ukingoni na ufagio akitoa majani na vumbi, akilifunika kwa matawi ili jua lisiyakaushe maji. Watu wakaanza kunung'unika. Mwenyekiti wa kamati akasema maji yale yana dawa, hayafai kunywa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwanangu wa pili alikuwa anaharisha, na nilikuwa simwoshi kwa kukosa maji. Siku hiyo nikachukua debe langu, na nilipotoka nje nikamkuta Wakesho ana lake, na tulipofika langoni tulikuwa wengi.

Msimamizi alikuwa amesimama mbele ya lango, mikono imening'inia.

"Nisikilizeni," akasema. "Mkilimaliza hili, jua litapasua simiti. Ikipasuka, baraza halitaleta nyingine, nawajua. Na mvua itakuja. Siku moja lazima ije. Mto utashuka, utachukua watoto wenu, na hamtakuwa na mahali pa kuwafundisha."

"Msimamizi," akasema Wakesho taratibu, "hao watoto wa kuchukuliwa na mto, lazima kwanza waifikie hiyo mvua."

Nilimwona akitoa pumzi, kama alivyotufundisha, lakini hakusogea. Mtu nyuma akasema tuvunje ua. Mwingine akasema aitwe polisi, mwingine akauliza polisi wa kumlinda nani. Kisha watu wakaachana njia, na yule mama wa mboga akapita katikati yetu na debe lake kichwani. Akasimama mbele ya ndugu yake. Wote tulijua yaliyokuwa kati yao.

"Sikuja kwako," akamwambia. "Nimekuja kwa maji."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu kufa kwa binti yake. Msimamizi aligeuka, akafungua mnyororo, akalisukuma lango mpaka mwisho.

Alituchotea mwenyewe. Aliingia majini na nguo zake, akajaza madebe moja baada ya jingine, akitwambia tuyaache juani siku nzima ndipo dawa ipungue, kisha tuyachemshe. Dada yake alipojaziwa la kwake alishukuru kwa kichwa tu, akaenda. Siku zilizofuata wakaja watu wa kutoka mashamba ya mkonge, wakaja wachungaji na mbuzi wao, na Msimamizi hakumkataza mtu. Wazee wasio na wa kuwatuma aliwapelekea nyumbani. Maji yalishuka mpaka magotini, mpaka vifundoni, mpaka tukawa tunachota kwa kikombe cha bati. Kisha yakaisha.

Simiti ilipasuka mchana mmoja wa jua kali nikiwa naanika nguo. Ulisikika mlio kama wa mti unaovunjika. Nilipokwenda nilimkuta amekaa chini ndani ya tangi tupu, mkono wake umeingia ndani ya ufa mpaka kwenye kiwiko.

Tulikwenda naye barazani, Bi Zuhura, Wakesho na mimi, tukaketi nyuma. Alivaa koti lake la jeshi. Aliwaeleza madiwani kwamba ufa mmoja ni mkubwa na mingine ni midogo, kwamba simiti kidogo tu ingetosha kama ingeletwa mapema kabla ya mvua. Diwani mmoja wa bondeni akasimama.

"Bwana Msimamizi, watu wangu wanakula mizizi," akasema. "Wewe unatuletea habari za kuogelea?"

"Naleta habari za mto," akajibu.

"Mto upi? Mto ni mchanga. Nimeuvuka leo na viatu."

Wengine wakacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliochoka. Mwenyekiti wa kamati alitazama meza. Akasema Msimamizi hatakatwa mshahara kwa sasa, lakini simiti yote imekwenda kwenye visima. Hata mimi, moyoni, sikuweza kusema wamekosea. Hilo ndilo lililokuwa baya. Kila mtu mle ndani alikuwa na haki.

Tulipotoka, Wakesho akamwambia, "Pole, Msimamizi. Tutafanya wenyewe."

Wakajaribu, yeye na Msimamizi. Walileta udongo wa kichuguu, wakauchanganya na chokaa na majivu, wakauponda kwa miguu, wakaziba. Ulikauka, ukabanduka. Wakaziba tena. Wakesho alikuwa akija kila alipopata nafasi, gauni lake limejaa tope. Mumewe, aliyekuwa fundi wa njia ya reli, hakupenda. Aliuliza mke wake anatafuta nini ndani ya shimo na mwanamume asiye na mke. Wakesho alimwambia anatafuta mahali pa kumfundishia mtoto wao. Mtoto huyo, binti mdogo, walikuwa wamempeleka ng'ambo ya mto kwa bibi yake, ambako kulikuwa na kisima.

Mvua ilikuja mchana, kwa kelele. Tulitoka nje tukasimama tukilowa, watu wazima kwa watoto. Nilimwona Msimamizi akipita mbio akielekea tangini. Aliniambia baadaye siku ile ile kwamba maji yalijaa mpaka kiunoni, kisha yakaanza kutokea kwenye ufa, na hakuweza kuyazuia kwa mwili wake. Tangu siku hiyo aliliacha tangi. Alichukua kamba ndefu ya mkonge, akawa anakwenda kuketi kwenye kivuko cha mto kuanzia asubuhi, amejifunika gunia, akirudisha watu.

Siku ya Wakesho, Msimamizi hakuwepo kivukoni. Alikuwa ameitwa chini zaidi, ambako mzee mmoja alikuwa amekwama na punda wake.

Habari zilitufikia kwa sauti kutoka ng'ambo. Mtu alisimama upande ule akapiga kelele mpaka tukamwelewa: mtoto wa Wakesho ana surua, amezidiwa, anamwita mama yake. Wakesho alikuwa nami. Mto ulikuwa mwekundu, mpana, unabeba matawi na mabua. Nilimshika leso.

"Ngoja Msimamizi arudi na kamba," nikamwambia.

"Mama Mghoi, mtoto ananiita."

"Ngoja kidogo tu."

"Tangini nilikuwa navuka nikiwa nimechoka," akasema. "Sijachoka."

Akafungua fundo, leso ikabaki mkononi mwangu. Ndani alikuwa amevaa lile gauni lake la marekani. Akaingia. Mimi nilisimama pale, nikaona yote mpaka mwisho wake.

Walimpata siku iliyofuata, upande wa Ndara, kwenye vichaka vilivyoinama. Mtoto alipona surua.

Msibani Msimamizi alikuja, akasimama mbali na wanaume wengine. Mume wa Wakesho alimwendea. Sote tulidhani atampiga. Hakumpiga. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asingejua kuogelea angesubiri maji yapungue. Wewe ndiye uliyemwondolea woga."

Msimamizi alikaa mpaka kaburi likafukiwa, akachukua jembe zamu yake ilipofika, kisha akaenda.

Baraza, ambalo lilikuwa halina simiti, sasa lilipata mnyororo mpya. Lilifunga lango. Ilisemwa mkutanoni kwamba tangi limewapa wanawake ujasiri wa uongo, kwamba maji ya kwenye simiti si sawa na ya mto, na kwamba baraza haliwezi kuunga mkono mchezo unaoua watu. Msimamizi akaachishwa kazi. Hakuna aliyeniuliza nilichoona pale ukingoni, kwa kuwa nilikuwa mwanamke, tena rafiki wa marehemu, na mara baada ya mazishi nilishikwa na homa nikalala kwa majuma. Nilipoinuka, Bi Zuhura aliniambia Msimamizi amepanda gari moshi la Taveta na sanduku lake la jeshi. Dada yake alikuwa stesheni. Hawakuzungumza. Alimtilia maembe mabichi na mihogo ya kuchoma kwenye kikapu, akakiweka karibu na miguu yake, akabaki amesimama hapo hapo mpaka gari likaondoka.

Tulikaa Voi muda, kisha mume wangu akahamishiwa stesheni ya Taveta. Huko kulikuwa kijani. Maji yalikuwa yanapita kila mahali kwenye mifereji, na watu wakipewa zamu za kumwagilia. Nilikuwa nimezoea kununua ndizi katika kijiji cha Mahoo, kwa mama mmoja mwenye shamba, na siku moja mama huyo akaniambia nipite njia ya mferejini kwa sababu ile nyingine ina siafu. Nilimkuta Msimamizi huko.

Alikuwa ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, akizoa tope kwa koleo. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akinitazama usoni kwa muda mrefu, na niligundua kwamba huenda amenisahau sura.

"Ni Mama Mghoi," nikasema.

"Sauti naijua," akajibu. Akatoka, akafuta mikono kwenye nyasi, akanipa mkono. Tukaketi ukingoni. Alisema kazi yake ni kulinda mfereji na kufungua maji kwa zamu. Alisema chai ya huku si nzuri. Aliniuliza Bi Zuhura hajambo, nikamwambia hajambo. Akaniuliza mtoto wa Wakesho, nikamwambia anasoma. Kisha nikaona midomo yake inafanya kama inataka kusema na inarudi.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Alipigana na maji?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakupigana. Aliogelea kama ulivyotufundisha. Hakuwa na kelele. Alikuwa ameshapita katikati, Msimamizi, na wale wa ng'ambo walikuwa wameshaingia mpaka magotini kumpokea. Gogo lilitoka juu likampiga ubavuni. Hakuliona. Angefika."

Nilikuwa nimebeba maneno hayo muda mrefu, nikidhani siku nitakayompa yatampunguzia mzigo. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake chini. Maji ya mfereji yakaendelea kupita mbele yetu.

"Lilitoka juu," akasema.

"Ndiyo."

"Sikumfundisha kutazama juu." Alisema hivyo polepole, kama anayenieleza jambo nisilolijua. "Tangi halina juu. Maji yake hayatoki mahali, yamekaa tu. Niliwafundisha kutoa pumzi, nikawafundisha mikono, miguu. Miaka yote ile sikuwaambia hata siku moja mtazame yanakotoka."

"Hukuwa na namna ya kujua."

"Nilikuwa najua," akasema. "Mimi mto naujua."

Nilimshika mkono, nao ulikuwa baridi kwa ajili ya tope, na aliuacha mkononi mwangu kwa muda. Kisha mtu akaita kutoka shambani kwamba zamu yake ya maji imefika. Msimamizi akainuka, akachukua koleo.

Nilijitwisha ndizi zangu nikaanza kwenda. Mbele kidogo mfereji ulikata njia, na mtu alikuwa ameweka vijiti viwili vya kuvukia. Nilikuwa nakanyaga cha kwanza niliposikia sauti yake nyuma yangu, ile ile ya kukwaruza.

"Mama Mghoi. Usivuke hapo. Kuna daraja kule juu, zunguka."

Nikageuka. Alikuwa amesimama, koleo mkononi, akiningoja. Nikazunguka. Ilikuwa mwendo mrefu na mzigo ulikuwa mzito, na pale aliponikataza maji yalikuwa hayanifiki hata kwenye vifundo vya miguu.